Nimeweka kila kitu mtandaoni na darasa limebaki tupu, nifanyeje?

Swali la msomaji:

"Mimi ni mkufunzi kwenye chuo cha afya, nafundisha Anatomia na Fiziolojia mwaka wa kwanza, diploma ya utabibu. Darasa lina wanafunzi 120. Mwaka huu uongozi umetaka kila mkufunzi atumie TEHAMA, kwa hiyo nimefungua grupu la WhatsApp, natupia humo slaidi na PDF za kila mada, halafu mara moja kwa wiki tunakutana Zoom jioni. Matokeo yake darasani sasa wanakuja nusu, Zoom wanaingia kama 30 na wanaojibu ni walewale wawili, asaimenti zinafanana, nyingine najua kabisa zimeandikwa na ChatGPT. Test ya kwanza wamefeli kuliko waliowatangulia. Mwenzangu mmoja anasema nihamie kwenye majukwaa ya kufundishia mtandaoni kama Moodle au Google Classroom, mwingine anasema chuo kinunue programu ya kukamata wanaotumia AI, yaani akili mnemba. Jukwaa lipi ni bora? Na nirekodi video za vipindi vyangu au niache? Naona kama teknolojia imeniharibia darasa."

Mwalimu, pole na kazi. Wakufunzi wengi wanapita hapo hapo ulipo, na wengi wanaishia kuamini kwamba wanafunzi wa siku hizi ni wavivu au kwamba wao wenyewe hawaijui kompyuta. Kwa ulivyoeleza sioni kama shida yako iko kwenye hayo mawili. Umeniuliza jukwaa lipi ni bora na nitakujibu, ila kuna jambo la kuweka sawa kwanza, maana ukihamia Moodle kesho ukawa unafanya kazi ileile unayoifanya sasa WhatsApp, yaani kutupia mafaili, utapata matokeo yaleyale.

Tuangalie ni nini kimebadilika hasa. Zamani madesa mwanafunzi aliyafuata steshenari nje ya geti, akatoa kopi, akalipa. Sasa yanamfikia kwenye simu kabla hata kipindi hakijaanza. Na kipindi chenyewe kama ni kusomewa slaidi zilezile, anapiga hesabu, nauli ya bodaboda, jua, kukaa nyuma kabisa asikosikia, anaona bora abaki geto asome mwenyewe. Akishalidaunlodi lile faili anajisikia mada ameipata. Siku ya test anakuta jina la valvu ya moyo analikumbuka ila swali haliulizi jina.

Hilo la kujisikia umeelewa kumbe umezoea tu sura ya maandishi lina maelezo yake. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kifungu kimoja wakakisoma mara mbili, kingine wakakisoma mara moja kisha wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuchungulia. Walipopimwa baada ya dakika 5 walifanya vizuri zaidi kwenye kile walichokisoma mara mbili. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, kile walichojilazimisha kukikumbuka walikuwa nacho bado kama asilimia 56, kile cha kurudia kusoma asilimia 42. Ubongo unashika zaidi kile unachouvuta wenyewe kutoka ndani kuliko kile kinachopita mbele ya macho mara nyingi. Sasa angalia mfumo wako wote, grupu, PDF, Zoom: ni wapi mwanafunzi analazimika kuvuta kitu kutoka kichwani kwake mwenyewe kabla ya test? Kwa maelezo yako hakuna mahali. Asaimenti ndiyo ilitakiwa ifanye kazi hiyo, na asaimenti sasa inafanywa na simu.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba teknolojia imekuharibia darasa. Imerahisisha sehemu moja ya kazi, ya kusambaza madesa, na hiyo sehemu haikuwahi kuwa ndiyo inayofundisha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa 1992, wakati intaneti kwetu bado haijulikani kabisa, na watu walisoma kwa vitabu vya kuchapwa, asaimenti za kutuma, na vipindi vya kukutana uso kwa uso. Kilichombeba mwanafunzi wa mbali ni ratiba na kazi ya kufanya na mtu wa kumsahihisha.

Kuna utafiti mwingine huwa nawatajia wakufunzi wanaobanwa na uongozi watumie vifaa. Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, tangu miaka ya 1990 mwanzoni alianza kukatisha kipindi kwa swali moja la kufikirisha, wanafunzi wanachagua jibu kila mtu peke yake, wanabishana na jirani, kisha wanachagua tena. Vyuo vingi vikanunua virimoti vya kupigia kura ili kufanya hivyo. Mwaka 2008 Nathaniel Lasry, mtafiti wa Kanada, akalinganisha darasa lenye virimoti na darasa linalonyanyua kadi za karatasi zenye herufi, na kwenye kuelewa somo hakukuta tofauti ya maana. Faida ilikuwa kwenye swali na kwenye mabishano. Kwa hiyo ukikata maboksi ukaandika A, B, C, D, ukagawa seti 120, una kitu kinachofanya kazi hata umeme ukikatika, na hakili bando la mtu.

Hapo kwenye bando nikae kidogo kwa sababu ndipo wakufunzi wanapowaonea wanafunzi bila kujua. Wewe pengine una Wi-Fi ya ofisini. Mwanafunzi wako ananunua bando la siku kwa hela ya kula. Saa moja ya Zoom yenye video inakula mamia ya MB, tuseme 300 kwa makadirio ya chini. Kama masomo matatu yakimwita Zoom saa moja moja kwa wiki ni MB 900, kwa semesta ya wiki 15 ni zaidi ya GB 13. Halafu unakuta 30 wameingia kati ya 120 unasema hawajali! Wengine hawana hela ya bando, wengine wameingia mtandao unakatakata wanakusikia nusu nusu, na wengine wapo kwenye chumba cha watu wanne hawawezi kuwasha kipaza sauti. Na ile Zoom ya bure inakata dakika ya 40, mnaanza kutafutana upya. Kaa nayo kwa jambo moja tu, mtu wa nje ya chuo ambaye hawezi kufika, kwa mfano daktari bingwa aliye mkoa mwingine anayetaka kuwaeleza kesi. Kwa kipindi cha kawaida cha watu wanaoishi kilomita mbili kutoka darasani mimi ningeiacha.

Sauti ni nyepesi mno ukilinganisha. Ukirekodi dakika 8 kwa kiwango cha kawaida cha kuongea, kilobiti 64 kwa sekunde, faili linakuwa kama MB 4. Na kuna kitu kizuri kwenye sauti ambacho hakisemwi: mnafundisha kwa Kiingereza, mitihani ni Kiingereza, lakini voisi yako ya dakika chache ukieleza kwa Kiswahili kwa nini damu haiwezi kurudi nyuma kutoka kwenye ventrikali (chumba cha chini cha moyo) kwenda kwenye atria (chumba cha juu) itasikilizwa mara nyingi kuliko slaidi 60. Ataisikiliza kwenye daladala, atairudia akiwa anapika.

Ndiyo maana kwenye swali lako la video nasema usirekodi kipindi kizima. Saa mbili za mkufunzi amesimama ubaoni hakuna atakayeziangalia mpaka mwisho, na simu nyingi zikirekodi kwa ubora wa 1080p dakika moja tu inaweza kufika MB 100. Rekodi yale ambayo maneno hayatoshi, jinsi valvu zinavyofunguka na kufunga, jinsi ya kupima presha, jinsi ya kushika mkono wa mgonjwa unapotafuta mshipa. Dakika nne mpaka sita, ishushe iwe 360p kabla ya kuituma, itabaki kama MB 20 mpaka 30, na wanaokaa hosteli watarushiana kwa app ya Xender bila bando.

Sasa majukwaa.

WhatsApp siyo ya kitoto. Kila mtu anayo, watu wanaifungua bila kukumbushwa, na bando dogo linaiendesha. Udhaifu wake ni kwamba vitu vinazama, PDF ya wiki ya pili imefunikwa na meseji 400 za "samahani Teacher" na vikatuni vya asubuhi njema, wewe hujui nani amesoma nini, na kura za WhatsApp zinaonyesha nani kachagua nini kwa hiyo wa kwanza akikosea wanamfuata kumi. Kuna jambo zito zaidi: kwenye grupu namba za simu za wote ziko wazi, na wasichana ndio wanaoumia, wanaanza kupigiwa usiku na watu ambao hawajawahi kuwapa namba. Kwa hiyo liache grupu liwe la matangazo, weka admini tu ndio waandike, na maswali yapate mahali pengine au yapite kwa viongozi wa makundi.

Google Classroom ni bure, haihitaji chuo kiwe na seva, mada zinapangika, na inashikana na Google Forms ambayo inasahihisha maswali ya kuchagua yenyewe. Ubaya wake ni kwamba mwanafunzi anahitaji akaunti anayoikumbuka, na wengi simu zao zilifunguliwa akaunti na fundi au kaka mtu, nywila hawaijui. Tenga kipindi kimoja kizima cha kuwasajili mkiwa pamoja darasani, usiwaachie wakafanye wenyewe.

Moodle ni kubwa kuliko zote hizo. Ilianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, toleo la kwanza likatoka 2002, na programu yenyewe haiuzwi. Unaweza kujenga benki ya maswali, kila mwanafunzi akapata maswali tofauti yaliyochanganywa, ukaona nani amefungua na nani hajafungua, na ukiruhusu kwenye mipangilio mwanafunzi anaidaunlodi kwizi kwenye app ya simu, anaifanya akiwa hana mtandao kabisa, anaituma akipata. Kwa mazingira yetu hicho kitu ni dhahabu. Lakini bure yake ni ya programu tu. Seva inalipiwa, lazima awepo mtu wa kuisasisha na kutunza nakala, na mtu huyo akihama chuo mfumo unakufa naye, nimeona hivyo zaidi ya mara moja. Usiianzishe peke yako. Kama chuo tayari kinayo na kuna mtu wa TEHAMA anayepokea simu, nenda huko. Kama hakuna, Classroom pamoja na WhatsApp ya matangazo inakutosha miaka miwili bila shida.

Ipo njia ya nne ambayo watu hawaifikirii. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ukiiwekea MoodleBox, yaani Moodle isiyohitaji intaneti, inatoa Wi-Fi yake yenyewe darasani, wanafunzi wanaunganisha simu na kufanya kwizi au kuchukua mafaili bila intaneti hata kidogo. Programu ya Kiwix nayo inakuwezesha kuweka Wikipedia nzima nje ya mtandao, na kuna toleo la masuala ya afya tu linaitwa WikiMed, lipo kama app ya simu. Kwa somo lako kuna pia kitabu cha Anatomy and Physiology cha OpenStax, ni cha bure kihalali, leseni yake inaruhusu ukate sura unayoihitaji na kuigawa mradi utaje kilikotoka. Ukigawa sura ya moyo peke yake utakuwa umewaondolea mzigo wa kitabu chenye kurasa zaidi ya elfu moja.

Haya, na kazi yenyewe ya kumfanya mwanafunzi avute kitu kutoka kichwani. Chagua mada moja tu, tuseme moyo na mzunguko wa damu. Andika maswali matano ya kufikirisha kwenye Google Forms, wayafanye usiku wa kabla ya kipindi. Swali lisiwe "taja vyumba vinne vya moyo", hilo atalijibu akiwa amelala. Mfano: "Mama wa miaka 60 ana miguu imevimba, mshipa wa shingo umejaa, mapafu ni safi. Ni upande gani wa moyo umeshindwa kusukuma?" Halafu kila jibu la kosa liandikie maelezo yake. Aliyejibu upande wa kushoto asiambiwe tu amekosa, aandikiwe: "Ukishindwa wa kushoto, damu inarudi kujaa wapi? Fuata njia yake kutoka kwenye mapafu, kisha rudia swali." Hayo maelezo ndiyo yanayomfundisha usiku ule ukiwa wewe umelala, na kuyaandika vizuri kunachukua muda, sikufichi. Gawaneni na wenzako wawili wanaofundisha somo hilo hilo vyuo vingine, kila mmoja aandike matano, mnabadilishana.

Asubuhi kabla hujaingia darasani fungua matokeo. Ukikuta 70 kati ya 95 waliofanya wamekosa swali la tatu, kipindi chako kimeshajipanga, slaidi za yale waliyoyapata unaziruka, unaingia moja kwa moja kwenye la tatu na kadi zako za A, B, C, D, wabishane, wanyanyue, wabishane tena. Wanafunzi wakishaona kwamba darasani kunatokea kitu ambacho hakipo kwenye PDF wanarudi wenyewe. Wachache wataendelea kukosa, na hao wana sababu nyingine nitazisema chini. Kwizi ipe alama kidogo sana, tatu au nne kati ya mia, za kufanya na siyo za kupata. Ukiipa alama nyingi tu wataanza kutumiana majibu, na lengo la kuona wanakosea wapi limekufa.

Kuhusu AI. Usinunue hiyo programu ya kukamata. OpenAI wenyewe waliotengeneza ChatGPT walikuwa na kifaa chao cha kutambua maandishi ya AI, wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipima vifaa saba kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza siyo lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilisemwa zimeandikwa na AI wakati zimeandikwa na binadamu. Wanafunzi wako wote wako kwenye kundi hilo. Utamwita binti aliyekesha akiandika kwa Kiingereza cha shule, sentensi fupi rahisi, utamwambia amedanganya, na ushahidi wako ni mashine inayokosea namna hiyo. Hapana.

Badilisha kazi. Wachore mzunguko wa damu kwa mkono kwenye daftari, wapige picha, watume. Waambie wamuulize ChatGPT kuhusu shinikizo la damu, walete jibu lake na waonyeshe sehemu mbili zinazopingana na STG, mwongozo wa taifa wa matibabu, tunayoitumia hapa nchini au zisizotekelezeka kwenye zahanati isiyo na vipimo. Na kila wiki chagua kumi bila mpangilio, dakika mbili mbili ofisini, mwambie kila mmoja, "Nieleze ulichoandika." Aliyetumia AI akaelewa atakueleza, na huyo hana kosa kubwa. Aliyenakili utamjua kwenye sentensi ya kwanza.

Kabla ya yote hayo, wiki hii pitisha karatasi darasani, usitumie fomu ya mtandaoni maana asiye na mtandao hataijibu. Uliza: simu yako ni ya aina gani, unanunua bando la kiasi gani kwa wiki, unakoishi mtandao unashika, na saa ngapi unaweza kusoma. Utakuta wachache wana kitochi au simu iliyopasuka kioo. Waunganishe wawili wawili na mwenye simu nzima, na weka nakala moja ya kuchapwa ya maswali maktaba.

Kuna mambo ya kutoyamaliza peke yako mtandaoni. Kama unataka alama za kwizi ziingie kwenye CA, yaani alama za maendeleo za semesta, nenda ofisi ya taaluma mkae mezani, mkubaliane kwa maandishi kabla ya semesta kuanza, kwa sababu wakaguzi wa NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, wakija wanataka kuona utaratibu na siyo picha ya skrini. Alama zenye majina usizitupie kwenye grupu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na matokeo ya mtu ni taarifa yake, mpe kila mmoja zake. Ujuzi wa mikono, kushona kidonda, kuzalisha, kuweka dripu, hakuna app itakayobeba hilo, video ni ya kuonyesha tu, kupimwa ni kwenye chumba cha mazoezi mbele ya macho yako. Na yule ambaye wiki mbili mfululizo hajafungua kwizi hata moja, usimtaje kwenye grupu. Mwite au mtume kiongozi wa darasa amfuate anakoishi, mara nyingi nyuma yake kuna ada, ugonjwa, mimba, au msiba nyumbani, na hapo anayehitajika ni mshauri wa wanafunzi.

Anza na mada ya moyo pekee, mada nyingine zote ziache zilivyo kwa sasa. Baada ya test ya pili linganisha maswali ya moyo na yale mengine, halafu niandikie umeona nini, hasa swali ambalo wengi waliendelea kulikosa hata baada ya kubishana, tuliangalie pamoja jinsi lilivyoulizwa.